«Rezo inapotea»: safari ya maneno yetu kutoka Lubumbashi mpaka baharini

Neno hili linasikika kila siku katika muji wetu, ku soko ya Kenya, ku Katuba, ku Ruashi, hata mbele ya guichet ya banki katikati ya muji: «Rezo inapotea!» Mama aliyekuja kutosha franga ku M-Pesa anaambiwa arudie kisha saa moja. Dereva wa camion ya cuivre anakaa Kasumbalesa siku nzima, sababu karatasi za duane zinapita katika programu ya Sydonia, na programu ile bila rezo ni meza bila miguu. Mwanafunzi wa UNILU anashindwa kutuma kazi ya profesa. Wote watatu wanalia neno moja, lakini pengine si rezo moja iliyopotea. Kwa mama inaweza kuwa antene ya kartie iliyokosa mazout. Kwa mwanafunzi inaweza kuwa tingatinga iliyochimba barabara na kukata kable. Kwa dereva inaweza kuwa mashine moja tu iliyozimika, mbali kabisa na Kasumbalesa.

Kwa mutu anayeshuka shimoni, na kwa bibi yake anayemungojea nyumbani, kujua tofauti hiyo si mambo ya watoto wa informatique peke yao. Namna rezo imepangwa ndiyo inayoamua nani atakosa habari siku kable moja itakapokatika, na nani mwenye mukono juu ya robine.

Wakubwa kati yetu wanakumbuka phonie. Ulienda ku nyumba yenye antene ndefu, ulilipa, ulikaa ku banc pamoja na watu wengine kumi, kisha zamu yako ikafika: «Alo Mbuji-Mayi, mutoto alizaliwa, à vous!» Na watu wale kumi wote wakajua kama mutoto alizaliwa. Phonie ilikuwa tayari somo zima la rezo. Kulikuwa njia, yaani hewa. Kulikuwa mapatano: mumoja anasema, mwingine anangoja, na neno «à vous» linafungua zamu. Na kulikuwa shida ambayo haijaisha mpaka leo: wengine wanasikia.

Rezo ya kompyuta (ao ordinatere, vile tulivyozoea kusema) ni kitu kile kile. Mashine mbili ao zaidi, njia kati yao, na mapatano ya namna ya kusemezana. Njia inaweza kuwa kable ya shaba, uzi wa kioo unaoitwa fibre, ao hewa. Mapatano ndiyo magumu. Tarehe 29 oktoba 1969, kule California, wataalamu wa chuo kikuu cha UCLA walijaribu kutuma neno «login» kwa kompyuta ya Stanford. Herufi mbili zilifika, L na O, kisha mashine ikaanguka. Rezo ya kwanza ilipotea siku yake ya kwanza! Walirudilia kisha saa moja hivi, na ikaitika.

Kile walichokuwa wanajaribu ndicho kinachotumika mpaka leo ku simu yako. Ujumbe hautumwi muzima. Unakatwa vipande-vipande, sawa vile familia inayohama kutoka Kamalondo kwenda Kampemba kwa taxi tatu: matelas katika moja, sufuria katika nyingine, na kila furushi imeandikwa adresi. Taxi moja inaweza kupitia chaussée, nyingine ikakwepa embouteillage kwa njia ya vumbi. Kule nyumbani kupya wanahesabu mafurushi; kama moja halikufika, wanapiga simu lirudishwe. Ndiyo sababu video inakwama kidogo kisha inaendelea: furushi moja lilichelewa.

Sasa tufike ku mupango wenyewe. Katika nyumba ao bureau ndogo, vyombo vyote vinaelekea kisanduku kimoja, modem ao routeur: simu ya papa, ya mama, ya watoto, na imprimante. Wataalamu wanaita hiyo nyota. Faida yake ni kwamba simu moja ikiharibika zingine zinaendelea, na imprimante moja inatumikia watu kumi. Kisanduku kikizimika, wote wanakaa. Ni hayo tu.

Mustari ni hatari zaidi, na hapa Katanga hatuhitaji profesa atuambie. Kable ya courant ya Inga–Kolwezi ilimalizwa mwaka 1982, karibu kilometa 1.700, kwa kuleta moto ku usine za cuivre. Inapita juu ya vijiji vingi sana bila kuwasha hata taa moja (hilo ni jambo lingine, lakini linauma). Pylône moja ikianguka katika pori, mine ya Kolwezi inasikia mara moja. Kila kitu kilicho mbele ya fasi iliyokatika kinakufa. Rezo ya kompyuta iliyopangwa kwa mustari ina ugonjwa ule ule.

Dawa yake ni pete. Ukiunga mwisho wa mustari na mwanzo wake, kila fasi inapata njia mbili. Wakikata upande wa kuume, maneno yanazunguka upande wa kushoto. Inaomba kable nyingi zaidi na franga nyingi zaidi, ndiyo maana kampuni nyingi zinasema «tutaona mwaka ujao».

Na Lubumbashi yenyewe, imeungwa namna gani na dunia? Kwa miaka mingi hatukuwa na kable hata moja ya kwenda baharini. Maneno yalipanda juu mpaka satelite iliyo kilometa karibu 36.000, yakashuka Ulaya, na jibu likarudia njia hiyo hiyo. Kwenda na kurudi ni karibu nusu ya segonde hata kama kila kitu kinatumika muzuri, na bei ilikuwa ya kutisha. Kisha fibre ikafika kupitia kusini, Kasumbalesa na Zambia. Kutoka pale njia zinaelekea Afrika ya Kusini ao Dar es Salaam na Mombasa, fasi kable za chini ya bahari zinaposhuka: SEACOM kuanzia mwaka 2009, EASSy mwaka uliofuata. Upande wa magharibi, kable ya WACS inashuka kwetu Muanda. Ilifunguliwa kwa kazi mwezi wa julai 2013. Kwa hiyo ujumbe wa WhatsApp kutoka Lubumbashi kwenda Kipushi, kilometa 30 tu, unaweza kutoka nje ya Afrika na kurudi, sababu mashine za kampuni ile haziko hapa.

Mulango mumoja upande wa mashariki, mumoja upande wa magharibi: inaonekana kama pete. Lakini mwaka 2024 ulituonyesha kama hata milango miwili ni kidogo. Tarehe 14 machi, kable ine za magharibi, WACS ndani yake, zilikatika karibu na Abidjan. Tarehe 12 mei, EASSy na SEACOM zikakatika upande wa mashariki, na Tanzania, Kenya na Uganda zikapata shida kubwa. Miezi miwili tu, na bahari zote mbili.

Mara zingine anayekata kable ni muto wetu wenyewe. Tarehe 14 mpaka 16 januari 2020, kisha mafuriko makubwa ya muto Congo, muchanga na matope yaliyokusanyika ku mulango wa muto yaliporomoka ndani ya bonde refu lililo chini ya bahari. Poromoko lile lilikimbia zaidi ya kilometa 1.100 na kukata WACS pamoja na kable nyingine, SAT-3. Mwezi wa agosti 2023 bonde lile lile lilizikata tena. Sasa fuata maji kwa kidole ku carte: kamuto ketu ka Lubumbashi kanaingia Kafubu, Kafubu inaingia Luapula, kisha ziwa Mweru, kisha Luvua, kisha Lualaba, mpaka Kisangani, Kinshasa, Boma na Muanda. Mvua iliyoosha barabara za Katuba imo ndani ya maji yale.

Karibu na nyumbani, adui ni mwingine. Bei ya shaba imefundisha watu mingi kuchimba kila kable wanayoiona. Katika inchi nyingi za Afrika fibre inakatwa usiku na watu wanaozani kama ni cuivre, kisha wanakuta kioo na plastique, vitu ambavyo hakuna comptoir inayovinunua kwa kilo. Mwizi anarudi mikono mitupu, na hospitali ya kartie inabaki bila rezo. Anayeona watu wakichimbua kable usiku anaweza kuwaambia kwa uzuri kama ndani hamuna kitu cha kuuza. Inaonekana jambo dogo, lakini maneno hayo yanaweza kuokoa kable.

Jambo lingine la kujua kwa mama anayengoja franga: M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, ukizitumia kwa kupiga code yenye nyota na dièse, hazipiti ku intaneti. Zinapita ku njia ya simu yenyewe, ile inayopanga appel. Kwa hiyo unaweza kukosa méga kabisa na franga zikaingia. Na kinyume chake: WhatsApp inaweza kuitika kwa Wi-Fi ya jirani lakini franga zikakataa, sababu antene imeanguka. Mbele ya kuuza mbuzi ili kununua forfait, jaribu code kwanza.

Tuzungumze sasa juu ya mukono ulio ku robine. Tarehe 31 desemba 2018, siku moja kisha uchaguzi, intaneti ilifungwa katika inchi nzima. Ilirudi tarehe 19 januari 2019, karibu siku 20. Haikukuwa mara ya kwanza: januari 2015 watu walikosa, na tarehe 31 desemba 2017 vilevile. Wakubwa walieleza kama walitaka kuzuia matokeo ya uongo yasilete fujo. Hakuna mutu aliyepanda ku pylône na makasi. Kampuni za simu zinatumika kwa ruhusa ya serikali. Zinapokea amri, fundi anabadilisha mistari michache katika mashine, na milioni za watu wananyamazishwa. Hiyo inawezekana sababu milango ni michache. Inchi yenye milango kumi na kampuni nyingi ni ngumu kufunga. Yetu ni nyepesi. Na uongo haukuisha kwa kufunga intaneti. Mutu aliyekosa habari ya kweli anaamini ya kwanza atakayoisikia ku arrêt ya bus.

Watu wengi wanatazama juu, kwa Starlink, satelite za karibu kabisa, kilometa kama 550 tu, zisizohitaji fibre ya Kasumbalesa. ARPTC, ofisi ya serikali inayosimamia simu, iliikataza machi 2024, kisha mei 2025 ikapewa ruhusa. Ni njia ya ziada, na ni muzuri, hasa kwa vijiji. Lakini robine yake nayo iko na mwenyewe, na mwenyewe yule hakai Gombe wala hakai hapa.

Kuna na mambo ya franga. Kila simu imezaliwa na namba yake, IMEI; piga *#06# utaiona, herufi 15 za hesabu. Andika namba hiyo ku karatasi nyumbani, itakusaidia siku simu itaibiwa. Ni namba ile ile iliyotumiwa kwa RAM, taxe iliyoanza mwaka 2020: dola 1 kwa mwaka kwa simu ndogo za 2G, dola 7 kwa zile za 3G na 4G, ikikatwa kidogo-kidogo ku unité za watu. Watu walilalamika kwa nguvu, bunge likaingia ndani, na mwanzo wa 2022 ikaondolewa. Kwangu mimi somo la RAM ni hili: rezo inajua simu yako moja-moja, na inaweza kuingia mufukoni bila kupiga hodi. Siku ile ilikuwa serikali. Siku zingine ni mwizi. «Papa, nimekutumia franga kwa makosa, nisomee code iliyofika ku simu yako.» Ukimusomea, umemupa ufunguo. Hakuna kampuni ya simu wala banki inayoomba code ya siri ku téléphone, hata kama sauti ni ya heshima na inajua jina lako, la bibi yako na la mine unayotumikia.

Tushuke shimoni. Radio ya kawaida haipenye mwamba. Ukiacha cage na kutembea mita chache katika galerie, talkie-walkie inakuwa jiwe. Kwa hiyo mine za chini zinatandika kable ya pekee, câble rayonnant. Kable hiyo ina nyufa ndogo ku ngozi yake ya shaba, na radio inavuja kutoka ndani njia yote, sawa vile tuyau lenye matundu linavyomwagilia shamba. Kila mita mia chache kuna kifaa cha kuipa nguvu tena. Ni kazi ya akili, lakini ni mustari! Toit ikianguka na kukata kable, walio nyuma ya anguko hawasikiki tena, na ndio wenyewe wanaohitaji kusikika. Mine zilizojifunza zinashusha kable mbili kwa mashimo mawili tofauti na kuziunga chini, pete kamili.

Wamejifunza kwa machozi. Tarehe 2 januari 2006, katika mine ya makaa ya Sago, West Virginia kule Marekani, mulipuko ulifungia watu 13. Hawakukuwa na njia ya kusemezana na watu wa juu. Familia zilikusanyika kanisani. Usiku wa siku iliyofuata, waokoaji walio chini, na masque ku uso, walituma habari kwa radio, mutu kwa mutu, kutoka kituo kimoja mpaka kingine. Habari ilipofika juu ilikuwa imegeuka: watu 12 wako wazima. Kengele zililia, watu waliimba. Karibu saa tatu zilipita mbele ya kuambiwa kweli: 12 walikuwa wamekufa, mumoja tu ndiye aliyeokoka. Mwaka ule ule Marekani ilitia sheria, MINER Act, inayolazimisha mine za makaa kuweka radio ya kusemezana pande mbili na namna ya kujua kila mutu yuko wapi chini.

Kule Chile mwaka 2010 ilikuwa tofauti. Katika mine ya San José, watu 33 walifungiwa tarehe 5 agosti. Kisha siku 17 tundu jembamba liliwafikia, na kwa tundu lile walishusha simu, kisha fibre. Wanaume wakaona sura za bibi zao kwa video, wakiwa mita karibu 700 chini, na wakatoka wote 33 tarehe 13 oktoba. Chakula kilipita ku tundu lile, dawa pia. Lakini uzi ule ndio uliofanya nyumba ziache kuomboleza.

Ile sheria ya kujua kila mutu yuko wapi inatuletea badge ya elektroniki, inayofungwa ku taa ya casque. Wazee walichukua jeton ku ubao mbele ya kushuka, na jeton lisiporudi watu walijua kuna mutu chini. Badge inafanya zaidi: inaonyesha galerie gani, saa gani. Siku ya hatari ni mali kubwa kuliko zahabu. Siku ya kawaida, kifaa kile kile kinaweza kuhesabu dakika ulizopumzika, ulikaa na nani, na kama ulienda ku mukutano wa syndicat. Mimi sioni sababu ya kuikataa badge. Naona sababu kubwa ya kuuliza nani anasoma hesabu zake. Creuseur wa mikono, yeye, hana badge wala kable. Rezo yake ni kamba na sauti ya mwenzake aliye juu ya shimo, na cobalt anayoitoa inaingia ndani ya batterie za simu.

Kwa wale wenye délégué syndical, maswali yako mepesi na hayaombi diplome. Kable ya radio inashuka kwa shimo moja ao mawili? Courant ya SNEL ikikatika, vifaa vya chini vinaendelea saa ngapi ku batterie, na mara ya mwisho waliijaribu lini? Hesabu za badge zinawekwa siku ngapi, na chef wa équipe anaruhusiwa kuziona? Na siku kuna jambo chini, nani mwenye kazi ya kupigia familia simu, kwa namba gani, na bibi wa muchimbaji ameandikwa ku liste ile na namba yake ya leo, ao ile aliyokuwa nayo mbele ya kuibiwa simu?